Slesi za mayai za Kifaransa: mkate wangu ulilala bila kukauka

Kwa miaka minne nilihudumu mezani katika hoteli moja ya kaskazini mwa Unguja, na karibu kila asubuhi nilibeba sahani za tosti ya Kifaransa: slesi nene za mkate zilizochovywa katika mayai na maziwa, zikakaangwa kwa siagi mpaka zikawa na rangi ya dhahabu, nje zina ukoko mwembamba na ndani ni laini kama kastadi. Nilipoacha kazi na kurudi mjini kwa mama yangu, niliamini kwamba pishi nililolitazama kwa miaka yote hiyo halingenishinda. Lilinishinda mara tano mfululizo, na haya ninayoyaandika ni maelezo ya jinsi nilivyokuja kuliweza.

Kwanza niseme kuhusu jina. Wako wanaokiita chakula hiki mkate wa mayai, lakini kwetu jina hilo lina mwenyewe: ni ule mkate unaopikwa kwa mayai na sukari vilivyopigwa mpaka vikafura, kisha ukaokwa. Ukimwahidi mtu wa Unguja mkate wa mayai halafu ukamletea slesi iliyokaangwa, ataona amedhulumiwa. Nyumbani tunaziita slesi za mayai, na yameishia hapo.

Mara ya kwanza nilitumia mkate wa dukani unaouzwa ukiwa umeshakatwa. Slesi zake ni nyembamba na laini mno, na ya kwanza ilikatika vipande viwili nilipokuwa nikiinyanyua kutoka katika bakuli. Zilizofika kikaangoni ziliungua nje huku ndani zikiwa rojorojo, na nilipoibonyeza moja kwa uma, maziwa yalichuruzika sahanini. Mama aliitazama sahani kwa muda, akaniuliza kwa upole: "Mwanangu, mkate huu umeukaanga au umeuosha?"

Nilimpigia simu mpishi mmoja niliyefanya naye kazi, naye akanipa jibu ambalo karibu kila mpishi hulitoa: "Mdogo wangu, tumia mkate uliolala." Ushauri huo ni wa asili kabisa, kwani Wafaransa wenyewe hukiita chakula hiki pain perdu, yaani mkate uliopotea, kwa kuwa kilikuwa njia ya kuuokoa mkate ambao ungetupwa. Mkate wao mrefu mwembamba hauna mafuta wala maziwa, na siku ya pili huwa mgumu kama kigogo. Nilinunua boflo mbili ambazo hazijakatwa, nikaziacha zilale ndani ya mfuko wake. Ilikuwa masika. Baada ya siku mbili zilikuwa bado laini, na siku ya tatu zilikuwa na madoa ya ukungu wa kijani. Nyingine niliziweka katika friji, na kweli zikawa ngumu, lakini zilipopata moto zikalainika tena na matokeo yakawa yale yale ya kuosha mkate.

Hapo ndipo nilipotambua kwamba kulala na kukauka ni mambo mawili tofauti. Mkate unapopoa na kukaa, wanga wake hujipanga upya na kukaza, na jambo hilo hutokea kwa kasi zaidi katika baridi ya friji, hata kama maji yaliyomo ndani ya mkate hayajatoka. Kwa hiyo mkate unaweza kuwa mgumu mkononi huku bado umejaa maji, na mkate uliojaa maji hauna nafasi ya kupokea mayai na maziwa. Mahali penye hewa kavu, mkate ukilala hukauka pia, na mpishi hana haja ya kutenganisha mambo hayo. Sisi tunaoishi kisiwani, ambako hata chumvi huloa ndani ya kopo, lazima tuukaushe mkate wenyewe kwa makusudi.

Siku hizi nakata boflo slesi zenye unene wa sentimita mbili au zaidi kidogo, nazipanga juu ya waya wa oveni bila kuzibananisha, na nazikausha kwa nyuzi 150 kwa muda wa robo saa, nikizigeuza mara moja. Sizisubiri zibadilike rangi. Nikizipapasa, uso wake unakuwa mkavu na wenye kukwaruza, lakini nikizibonyeza katikati bado zinaitikia kidogo. Kabla sijapata oveni nilifanya hivyo hivyo juu ya chuma cha chapati kwa moto mdogo kabisa, ingawa ilinibidi nisimame hapo muda wote. Mkate ni mbichi au ni wa jana, sijali tena, ilimradi haujaota ukungu.

Mchanganyiko ni rahisi kuliko watu wanavyoufanya. Kwa slesi sita natumia mayai matatu, kikombe kimoja cha maziwa, yaani mililita 240, kijiko kimoja cha chakula cha sukari, chumvi kidogo, matone ya vanila na nusu kijiko cha chai cha mdalasini wa unga. Mdalasini ukiutia juu ya maziwa huelea na kuganda vidonge vidonge, kisha slesi ya kwanza huubeba wote. Kwa hiyo nauchanganya kwanza na sukari, naupiga pamoja na mayai, na maziwa nayatia mwisho. Halafu naupitisha mchanganyiko wote katika chujio la chai. Nilikuwa nikiidharau hatua hii mpaka nilipoona nyuzi nyeupe za ute wa yai zimeganda juu ya slesi kama uzi uliofumuka, na ni nyuzi hizo hizo ambazo humfanya mtu aseme kwamba mkate unanuka yai. Kila slesi nailaza sekunde 20 kila upande, nainyanyua na kuiacha ichuruzike kidogo.

Kuhusu moto, kosa langu lilikuwa haraka. Siagi peke yake huungua mapema kwa sababu ina chembe za maziwa, kwa hiyo naichanganya na mafuta ya kupikia, nusu kwa nusu. Siagi ikiyeyuka hutoa povu na kelele. Povu likitulia, ndipo slesi zinapoingia. Moto uwe mdogo kuliko ule wa kukaangia mayai, dakika tatu au nne kila upande, kwani sukari ya nje hushika rangi kabla ya mayai ya ndani kuganda. Ikiwa tayari, slesi huvimba kidogo, na ukiibonyeza katikati kwa kidole inarudi juu bila kutoa maji.

Hotelini wageni walizimiminia shira inayotokana na utomvu wa miti ya Kanada, ambayo bei yake mjini kwetu siitaki hata kuitaja. Mama ndiye aliyelimaliza tatizo hilo, kwa kupika shira ile ile ya kaimati: sukari na maji, hiliki iliyopondwa, na matone ya ndimu ili isigande chembechembe. Alinyunyiza kidogo tu, akakata kipande kwa ncha ya kisu, akakichungulia ndani kama fundi anayekagua mshono, kisha akala bila kusema neno. Tangu hapo, nikikuta boflo mbili juu ya meza usiku wa kuamkia Jumapili, ambazo si mimi niliyezinunua, najua nani ataamshwa mapema.