Siku yangu moja kama fayamani wa garimoshi la mvuke

Watu wananiuliza wikendi napotelea wapi, basi leo naandika. Mimi ni fayamani, yaani mlisha moto wa injini, wa kujitolea kwenye North Yorkshire Moors Railway huku Uingereza, reli ya watalii ya maili 18, Grosmont mpaka Pickering.

Saa 11 alfajiri. Nafika shedi, nasaini kitabu. Hiyo saini ni kusema nimelala vizuri na sina pombe mwilini, kama usiku mtoto alikesha analia ni bora upige simu ubaki nyumbani. Halafu nasoma matangazo, wapi mwendo umepunguzwa, wapi mafundi wako relini.

Moto ameshauwasha mwenzangu, boila ina joto. Lakini kabla sijagusa koleo naangalia maji, hii ndiyo kazi yangu kubwa kuliko makaa yote nitakayotupa leo. Kuna glasi mbili za kuonyesha kimo cha maji ndani ya boila, kila moja naifungulia iteme halafu naangalia maji yanarudi haraka au yanajivuta, maana glasi iliyoziba inakuonyesha maji ambayo hayapo. Maji yakishuka mpaka paa la chumba cha moto likabaki kavu, chuma kinalainika na mvuke wote unatoka kwa kishindo, na mlioko mle ndani hamna pa kukimbilia. Zipo plagi zenye madini ya risasi juu ya moto, zinayeyuka kukuonya, ila fayamani akingoja plagi imwambie, ameshaharibu.

Saa 1. Dereva, mzee wa makamo anayeongea kidogo, yuko chini ya injini anatia oili. Breki ya mkono imekazwa, ubao wa kukataza kusogeza injini umetundikwa, na mpaka atoke mwenyewe autoe sigusi kitu.

Saa 3. Tunafunga mabehewa kwenye injini. Siingii katikati yake mpaka injini isimame kabisa na dereva anijibu kwa mdomo kwamba nipite, hata kama tumechelewa. Gadi, msimamizi wa treni, anahesabu mabehewa, anamwambia dereva uzito, tunapima breki na yeye anahakikisha inafika behewa la mwisho. Treni ni ya gadi, mimi na dereva hatuondoki bila bendera yake. Pia reli ni ya njia moja, kwa hiyo bila tokeni, yaani kifaa cha ruhusa ya kupita kipande hicho, hatusogei, na tunaisoma wote wawili, sio mmoja tu.

Kutoka Grosmont ni mlima mara moja, kila futi 49 unapanda futi 1. Hapo jasho linatoka kweli jamani, unatupa makaa, unatazama signali, unaiita kwa sauti na dereva anaiita pia. Bomba la moshi likiwa mbele, kwenye mlima maji yanakimbilia nyuma, glasi inaonekana imejaa vizuri, halafu ukifika juu injini ikilala sawa yanarudi mbele na glasi inashuka ghafla. Kwa hiyo nalisha boila kabla ya kilele, hata presha ikipungua kidogo.

Saa 5. Tuko nyikani, majani yamekauka, nachunga cheche. Moto kwenye nyika hii unaunguza siku nyingi. Mwendo wetu haupiti maili 25 kwa saa.

Saa 7, Pickering, chai. Baba mmoja anaomba mwanawe apande kwenye injini. Nakataa kwa upole, bila ruhusa ya maandishi hapandi mtu, nikamwonyesha mtoto koleo akiwa pale pale platifomu. Mtoto akauliza kama kwetu Kenya magarimoshi haya yapo. Nikamwambia Nairobi kwenye makumbusho ya reli ipo 5918, Mount Gelai, garimoshi kubwa la aina ya Garratt lililotengenezwa Manchester, ila lile lilichoma mafuta, fayamani wake hakushika koleo.

Saa 12 jioni. Moto unatolewa, jivu linazolewa, najaza boila maji juu kwenye glasi. Breki ya mkono, gia katikati, koki za silinda wazi. Naandika kitabuni kwamba bomba moja la kulishia maji lilisita mara mbili mlimani, fundi aliangalie kabla ya zamu ya kesho kuwasha.