Daftari la vina vya Kiingereza: miezi minne ya kuandika na kufuta

Wiki ya 1

Nimeanza. Kazi yenyewe ni rahisi kuieleza: nakusanya maneno ya Kiingereza yenye vina, familia kwa familia, na kando ya kila neno naandika maana yake. Kamusi ya kawaida hupanga maneno kwa kichwa. Mimi nataka kuyapanga kwa mkia, kwa sababu mkia ndio unaobaki sikioni. Wazo si jipya. John Walker, Mwingereza, alitoa kamusi ya namna hiyo mwaka 1775, maneno yakipangwa kuanzia herufi ya mwisho kurudi nyuma. Langu ni daftari la mistari na kalamu mbili, ya bluu kwa neno na nyeusi kwa maana.

Ukurasa wa kwanza ni wa night, usiku. Chini yake: light, mwanga, fight, kupigana, right, kulia au haki, bright, -enye kung'aa, tight, -a kubana, fright, hofu, knight, askari wa farasi wa zama za wafalme, might, nguvu, au "huenda", kutegemea limekaa wapi. Maneno tisa kwa dakika kumi. Kwa mwendo huu nitaimaliza lugha nzima kabla wino haujakauka.

Wiki ya 2

Nimechana kurasa sita.

Nilikuwa napima vina vya Kiingereza kwa kipimo cha shairi la Kiswahili. Kwetu kina ni silabi ya mwisho. Ukiwa na penda, shinda, ganda na tunda, una -nda nne na shughuli imekwisha. Hakuna anayeuliza habari za pe, shi, ga na tu, ingawa mkazo uko hapo hapo. Kwa kipimo hicho niliweka raining, running na planning ukurasa mmoja: kunyesha, kukimbia, kupanga. Zote zinaishia na -ning, nikaona zimetulia.

Kumbe kwa Mwingereza hayo maneno matatu hayajuani. Kina chake huanzia kwenye irabu yenye mkazo na kuendelea hadi mwisho wa neno. Raining anataka training, mafunzo, na complaining, kulalamika. Running anataka cunning, ujanja, na stunning, -a kushangaza. Planning anaenda na banning, kupiga marufuku. Ile -ing ya mwisho haihesabiki peke yake, imebebwa tu.

Halafu kuna sharti la pili, na hili ndilo lililonikalisha chini. Konsonanti inayotangulia irabu ile lazima iwe tofauti. Night na knight yanatamkwa sawasawa, kwa hiyo si kina, ni neno lilelile kurudiwa. Leave, kuondoka, na believe, kuamini, nayo hayafai vizuri, maana yote mawili yanaishia na sauti liiv. Sisi tunataka konsonanti ya silabi ya kina ifanane, ta kwa ta, nda kwa nda. Wao wanataka itofautiane. Kinachodaiwa huku ndicho kinachokataliwa kule. Nimeishi na lugha zote mbili miaka yote hii bila kuligundua hilo.

Nimemhamisha knight. Sasa ana kisanduku chake pembeni, pamoja na sight, site na cite: uwezo wa kuona, eneo, na kunukuu, sauti moja kwa zote tatu.

Wiki ya 5

Wiki hii ni ya macho kudanganya. Nilifungua ukurasa wa maneno yenye ough nikitegemea familia kubwa, nikapata kituo cha mabasi. Though, ingawa, hutamkwa dhou na huenda na go na snow. Through, kupitia, ni thruu, pamoja na blue. Tough, -gumu, ni taf, kundi moja na stuff. Cough, kikohozi, ni kof, pamoja na off. Bough, tawi kubwa la mti, ni bau, na mwenzake ni cow, ng'ombe. Kila neno na basi lake.

Sababu iko kwenye historia. Ile gh zamani ilikuwa sauti ya kweli, karibu na kh ya kheri. Night lilisikika mithili ya nikht. Baadaye sauti ikafa, kwingine ikageuka f, herufi zikabaki zimesimama kama nyumba iliyohamwa. Irabu nazo zikahama: kati ya takriban 1400 na 1700 irabu ndefu za Kiingereza zilibadilika karibu zote. Na William Caxton alikuwa ameshaanza kuchapa vitabu Uingereza mwaka 1476, hivyo tahajia ikaanza kuganda huku matamshi yakiwa bado safarini. Soneti ya 116 ya Shakespeare, iliyochapishwa 1609, inafunga kwa proved na loved. Zama zake maneno hayo yalikaribiana zaidi. Leo moja ni pruuvd na jingine lavd, yanapatana kwa macho tu.

Mfano ninaoupenda zaidi ni mdogo. Height na weight, kimo na uzito, hukaa pamoja kwenye kila fomu ya daktari na tahajia zao zinafuatana. Lakini height huenda na kite, na weight huenda na late. Hazijawahi kuwa na kina kimoja katika daftari hili na hazitakuwa.

Tangu leo, hakuna neno linaloingia kwa sura. Linasomwa kwa sauti kwanza.

Wiki ya 7

Kusoma kwa sauti kumeleta aibu mpya. Tatizo safari hii si Kiingereza, ni sikio langu.

Kiswahili kina irabu tano. Kiingereza kinachofundishwa kwa matamshi ya kusini mwa Uingereza kina sauti za irabu zipatazo ishirini, ukihesabu na zile za kuunganika. Mimi nazimimina zote ishirini kwenye vikombe vitano. Hat, kofia, hut, kibanda, heart, moyo: kinywani mwangu zote ni hat. Ndiyo maana ukurasa wangu wa 19 ulikuwa na cat, cut na cart wamelala kitanda kimoja. Work na walk, kufanya kazi na kutembea, kwangu zilikuwa wok na wok. Ship na sheep, meli na kondoo, pia.

Nilijirekodi nikisoma ukurasa huo, kisha nikasikiliza msomaji Mwingereza akisoma maneno yaleyale kutoka kamusi yenye sauti. Sitaielezea rekodi yangu.

Lakini hapa ndipo mradi ulipobadilika maana. Nilidhani vina ni matokeo ya matamshi: kwanza ujue kutamka, kisha utajua kipi ni kina na kipi si kina. Sasa naona inafanya kazi kinyume vilevile. Ukiniambia tu kwamba heart yuko na art, start na part, hut yuko na shut na but, hat yuko na that na flat, tayari umenionyesha milango mitatu pale nilipoona ukuta. Siwezi bado kuisikia kila tofauti, lakini nikijua nani ndugu wa nani, najua tofauti ipo na iko wapi. Sikio linafuata polepole.

Ushahidi ni familia ya bird, ndege. Ndugu zake: word, neno, heard, alisikia, third, -a tatu, herd, kundi la mifugo, absurd, -a upuuzi. Tahajia zinaandika ir, or, ear, er na ur, lakini sauti ni moja, ile ambayo Kiswahili hakina kabisa. Nilipoiweka familia nzima mstari mmoja na kuisoma mara ishirini, mdomo ukaanza kukaa mahali pamoja. Na beard, ndevu, ambaye kwa macho ni pacha wa heard, akajitenga mwenyewe. Yeye ni wa feared na weird.

Wiki ya 9

Nimeileta kompyuta. Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon cha Marekani kina kamusi ya matamshi ya bure, maneno zaidi ya 130,000, kila neno limeandikwa kwa sauti zake na kila irabu ina tarakimu: 1 kwa mkazo mkuu, 2 kwa mkazo mdogo, 0 kwa isiyo na mkazo. Hiyo ndiyo kanuni ya wiki ya pili imeshaandaliwa. Programu yangu ni fupi: tafuta 1 ya mwisho, kata kuanzia hapo, kusanya wenye mkia sawa.

Inafanya kazi vizuri mno, na hilo ni tatizo. Familia ya nation ilirudi na orodha ndefu ya maneno ambayo sina haja nayo. Nikabaki na station, kituo, na education, elimu, na machache mengine, nikaendelea.

La pili ni lafudhi. Kamusi ile ni ya Kimarekani. Kwake clerk, karani, yuko na work. Uingereza yuko na dark. Tomato na potato ni vina huko Marekani, London si vina. Kusini mwa Uingereza saw na more hupatana kwa sababu r ya mwisho haitamkwi. Kwa Wamarekani wengi hilo haliwezekani. Hata alfabeti: Wamarekani humaliza na zee, ikapatana na B na C, Waingereza humaliza na zed, ikapatana na bed. Nimenunua kalamu nyekundu. Neno lenye nyekundu lina uraia wa nchi mbili.

Wiki ya 11

Hii ndiyo wiki niliyoifurahia kuliko zote, na naandika usiku sana.

Yako maneno ya Kiingereza yenye tahajia moja, matamshi mawili na maana mbili. Nilikuwa nayaogopa, maana hayana pa kukaa. Sasa nayaandika kurasa mbili kila moja, na kina ndicho kinachonipa maana.

Tear likiwa na fear na near ni chozi. Likiwa na bear na wear ni kuchana. Lead pamoja na seed ni kuongoza. Pamoja na bed ni risasi, ile metali. Bow pamoja na snow ni upinde. Pamoja na now ni kuinama. Row pamoja na snow ni safu, au kupiga makasia. Pamoja na now ni ugomvi. Sow pamoja na snow ni kupanda mbegu. Pamoja na now ni nguruwe jike. Wound pamoja na tuned ni jeraha. Pamoja na found ni "alizungusha", wakati uliopita wa wind, ambalo nalo lina sura mbili: upepo, au kuzungusha uzi kwenye kitu, na hilo la pili huenda na find na kind.

Faida yake ni hii. Ukisoma shairi la Kiingereza lenye vina na mshororo ukaishia na tear, usikimbilie kamusi. Angalia mshororo mwenzake. Ukiishia na year, mtu analia. Ukiishia na there, kuna nguo inayochanika. Nimejaribu mara kadhaa, na imenikosesha mara moja tu, kwenye shairi la zamani ambalo vina vyake vilikuwa vya macho.

Wiki ya 13

Wapweke. Month, mwezi, halina kina kamili. Orange, chungwa, hutajwa daima kuwa halina, kisha mtu hujitokeza na Blorenge, kilima karibu na Abergavenny huko Wales. Silver, fedha, lina chilver, mwanakondoo jike, neno ambalo sidhani nitalitumia nikiwa hai. Purple, zambarau, lina hirple, neno la Kiskoti la kutembea kwa kuchechemea. Wote wanne wako ukurasa mmoja, nimewaita mayatima.

Love si yatima ila ukoo wake ni mdogo: above, juu, dove, njiwa, glove, glavu, shove, kusukuma kwa nguvu. Mshairi wa mapenzi anayetaka kina kamili ana njiwa, glavu, msukumo na kitu fulani huko juu. Haishangazi nyimbo zao zimejaa above. Sisi mapenzi yanatupa simanzi, ganzi, kitanzi na nzi. Naliacha hapo.

Nilipotea pia siku mbili kwenye lugha ya mtaani ya mashariki ya London ya karne ya 19, ambako kina hutumika kuficha maana. Stairs, ngazi, huitwa apples and pears, kwa sababu pears lina kina na stairs. Kisha wenye lugha hulidondosha pears lenyewe, ukabaki na apples peke yake, na mgeni anabaki kujiuliza matofaa yameingiaje kwenye ngazi. Look, kutazama, lilipitia butcher's hook, ndoano ya mchinja nyama, likaishia kuwa butcher's tu. Kina kimefanya kazi yake na kimeondoka. Sikuwa na ukurasa wa vina visivyoonekana, nimefungua mmoja.

Wiki ya 16, leo

Kurasa 71. Maneno hayajafika 800, na karibu robo yameguswa na kalamu nyekundu. Kurasa za mwanzo zinasomeka vibaya kwa kufutwafutwa, na nimekataa kuzinakili upya.

Ukurasa wa leo ulianza na daughter, binti. Nikamwekea water, sawa. Nikamwekea laughter, kicheko, kwa sababu macho bado hayajifunzi. Laughter ni laafta, au lafta kwa Mmarekani. Lafudhi zote mbili zinampeleka kwa after. Lakini mtangulizie s moja tu, anakuwa slaughter, machinjo, gh inanyamaza, na anarudi kwa daughter bila kuulizwa. Nimemfuta laughter, nikamwandika slaughter mahali pake, kalamu ya bluu, na maana kwa nyeusi.

Kesho ni comb, tomb na bomb: kitana, kaburi na bomu. Nimeshawasoma kwa sauti. Ni kurasa tatu.