Kuchora kwa Kompyuta kwa Ajili ya Mashine ya CNC: Kisu Kwanza

Anayejifunza kuchora kwa kompyuta kwa ajili ya mashine ya CNC, yaani mashine ya kukata inayoongozwa na kompyuta, huanza na amri za programu, ilhali jambo la kwanza analopaswa kulijua ni kipenyo cha kisu kitakachokata kipande chake. Kisu hicho ni cha mviringo na hukata kwa kuzunguka, kwa hiyo hakiwezi kuacha kona ya ndani iliyo kali: kisu cha milimita 6 huacha kona yenye nusu kipenyo cha milimita 3, hata kama mchoro unaonyesha pembe mraba. Mimi hupendelea kuichora kona hiyo kwa nusu kipenyo cha milimita 3.5, kwa sababu kisu hupata nafasi ya kupinda huku kikisonga, badala ya kusita konani, kutetemeka na kuchafua ukuta wa kazi.

Tuchukue bamba la alumini la kushikilia beringi ya 6204, ambayo kipenyo chake cha nje ni milimita 47. Kuandika 47 peke yake hakumwambii fundi beringi ikae kwa kubana kiasi gani. Ukiandika 47 H7, ambapo H7 ni alama ya upotokaji unaokubalika, unaruhusu tundu lizidi hadi milimita 0.025 na lisipungue hata kidogo, na hapo ndipo anapojua achague kifaa gani cha kukatia na kipi cha kupimia. Usahihi mkali wa namna hiyo uwekwe pale tu unapohitajika, maana huongeza muda wa mashine na gharama. Ukingo wa nje wa bamba hilohilo unaweza kupotoka kwa milimita 0.3 bila kudhuru chochote. Tundu litakalokatwa nyuzi za bolti ya M8, yaani yenye kipenyo cha milimita 8, lichorwe kwa milimita 6.8.

Mistari ya umbo ifungamane kabisa, na isiwepo iliyolaliana, kwani programu ya kupanga njia ya kisu inaweza kushindwa kulitambua umbo lililo wazi au kukipitisha kisu mara mbili mahali pamoja. Faili la DXF, yaani faili la mchoro linalopelekwa kwenye programu hiyo, lisomwapo kwa inchi badala ya milimita, kipande hukua mara 25.4, hivyo kizio kiandikwe waziwazi kwenye mchoro.

Sifuri ya mchoro mimi huiweka kwenye kona ambayo fundi anaweza kuigusa, na vipimo vyote vya matundu huvianzisha hapo, ili akishakifunga kipande kwenye jiliwa asilazimike kujumlisha na kutoa.