Nilivyompiga picha mkimbiaji anayepita, Iten

Ukiishi Iten, mji wa wanariadha hapa Kenya, huna haja ya kutafuta mkimbiaji. Toka tu ukanunue maziwa, mtapishana. Kazi ni kumnasa akiwa anakimbia kweli, maana picha nyingi za simu humwonyesha mtu kama aliyesimama kwa mguu mmoja katikati ya barabara.

Mimi hutembea asubuhi kwenye njia za murram. Jua linatoka karibu saa kumi na mbili na nusu na hapa karibu na ikweta linapanda haraka; likishapanda, macho yote yanamezwa na kivuli cha kofia. Alhamisi siendi na simu mkononi. Siku hiyo kuna fartlek, mazoezi ya kukimbia kwa kubadilisha kasi, kundi linapita kama mafuriko na sioni wa kumlenga.

Kilichonisaidia zaidi ni kuacha kumwinda mtu. Nachagua mahali kwanza: kona yenye mikaratusi nyuma, pasipo nyaya za stima wala boda boda iliyoegeshwa. Nachuchumaa, simu usawa wa goti, nabonyeza kioo kwa muda palipo jiwe ambalo najua atalipita, fokasi inakaa hapo hapo. Kutoka chini vile, unaona mwanga kati ya soli na ardhi. Ukipiga umesimama, mwanga huo haupo.

Halafu kuna hesabu. Anayemaliza kilomita kwa dakika 3 na sekunde 20 anasonga mita 5 kila sekunde. Ukiacha shata, ile inayoruhusu mwanga kuingia kwenye kamera, wazi kwa 1/60 ya sekunde, ameshasogea sentimita 8, na picha ni ukungu. Kwa 1/1000 amesogea nusu sentimita tu. Miguu ndiyo korofi, kwani ule unaorushwa mbele unakwenda kasi kuliko kiwiliwili. Kwa hiyo naweka 1/1000 kwenye programu ya kamera, napiga mfululizo, kisha nabakiza ile ambayo miguu yote miwili iko hewani.

Siku nyingine nafanya kinyume: 1/30, namfuata kwa kuzungusha kiuno, nabonyeza huku bado nazunguka. Miti inageuka michirizi, uso unabaki. Nyingi zinaharibika, nazifuta.

Kabla ya yote, nainua simu aione na kupunga mkono. Akitikisa kichwa, naishusha. Kumsimamisha ni ukosefu wa adabu, naona mimi. Mtu aliye mazoezini yuko kazini.

Ile ninayoipenda ni ya dada mmoja aliyekuja peke yake, jua likiwa nyuma yake na vumbi jekundu limewaka magotini. Alipunga mkono, akapita. Nilimkuta baadaye kwenye kibanda cha chai.

"Dada, habari ya mazoezi? Nimekupiga picha pale kwa kona. Uione?"

"Nzuri. Hebu."

Nilidhani atatazama uso. Alikuza picha kwa vidole viwili, akapita uso, akapita vumbi langu lote, akasimama kwenye mkono wa kushoto.

"Ona huu unavuka kifua. Kocha husema kila siku, mimi nakataa."

"Niifute?"

"Usifute! Nitumie sasa hivi. Na kesho uchukue ingine, lakini ya upande."