Kabla ya Kutia Saini, Onja Maji

Mwaka umetimia tangu nilipopanga fleti ya chumba kimoja cha kulala, ghorofa ya tisa, karibu na Pembe za Ndovu za Moi Avenue, kisiwani Mombasa. Nilikuwa nimechoshwa na foleni ya feri ya Likoni kila alfajiri, nikaona heri nilipe kodi kubwa zaidi kwa nyumba ndogo ambayo ningetoka kwenda kazini kwa miguu.

Siku ya kuitazama, macho yangu yalivutwa na vigae na mandhari ya bandari. Mzee anayelinda jengo ndiye aliyenizindua: "Mwanangu, fungua mfereji kwanza, uonje." Maji yalikuwa ya chumvi. Kisiwa chetu hakina mto, na maji yake matamu hutoka mbali, mengine katika chemchemi za Mzima huko Tsavo, kwa bomba la zaidi ya kilomita 200. Kwa kuwa maji hayo huja kwa zamu, majengo mengi hujaza matangi kwa maji ya kisima, ambayo hufaa kwa kudeki na hata kuoga, ingawa sabuni haitoi povu na mifereji huliwa na kutu mapema. Ya kunywa na kupikia nanunua kwa wachuuzi wa mikokoteni, mtungi wa lita 20, na umeme ukikatika lifti husimama, nami hulazimika kuubeba mwenyewe ngazi zote.

Jambo la pili ni upepo, ambalo naliona zito kuliko ukubwa wa sebule. Roshani yangu inaelekea kusini, kwa hiyo kuanzia Aprili kusi huijaza nyumba hata feni nikaisahau. Lakini kaskazi inapovuma, Desemba hadi Machi, upepo hupiga upande wa pili wa jengo nami nabaki na joto la zege usiku kucha.

Kuhusu mkataba, usomeni wote. Sheria ya Kenya ya kudhibiti kodi iliwekewa kikomo cha shilingi 2,500 kwa mwezi, hivyo fleti kama hii haimo, na masharti ya amana na nyongeza ya kodi ni yale mliyoandikiana.

Mkataba wangu unaisha mwezi ujao. Nimemwomba mwenye nyumba anihamishie fleti ya kona iliyo ghorofa ya tatu, inayopata pepo zote mbili, na ambayo mchuuzi wa maji amekubali kuipandia hata lifti ikiwa imesimama.