Shikamoo Kutoka Mirihi

Saa kumi na moja alfajiri, Malindi ingali giza, nimeshakaa mezani. Mswada wa riwaya unarudi kwa mhariri usiku huu. Kufikia saa mbili nimepitia sura nane na vikombe viwili vya chai ya rangi.

Saa tatu, hodi. Mama wa nyumba ya pili, mjukuu kiunoni. "Mwanangu, kwa vile wewe huendi kazini, nishikie huyu nifike sokoni." Akauliza ninaandika nini. Watu wa hapa walioko sayari ya Mirihi, nikamwambia. "Malindi na anga wapi na wapi?" Nikamtajia majukwaa ya Waitaliano baharini kule Ngomeni: 12 Desemba 1970 iliruka kutoka pale Uhuru, setilaiti ya kwanza kutumwa mahsusi kuchunguza eksirei za nyota. "Ngomeni naijua, marehemu alikuwa akivua kule," akasema. "Mtoto asile embe, linamharisha."

Sura ya tisa ndiyo iliyonimaliza. Pembeni mhariri kaandika neno moja: "Vipi?" Binti yuko Mirihi, anagombana kwa simu na bibi yake wa Ngomeni, neno kwa neno. Majibizano yale niliyachonga wiki mbili! Sasa hesabu: Mirihi iko wastani wa kilomita milioni 225 kutoka kwetu, na mawimbi ya redio hukimbia kilomita 300,000 kwa sekunde. Nikagawanya, mtoto akinivuta sikio. Dakika 12 na nusu, kwenda tu. "Shikamoo bibi" ikitoka, "marahaba" inafika baada ya dakika 25. Na bibi wa pwani haishii marahaba: u hali gani, umelalaje, wenzio hawajambo, umekula nini? Salamu tano ni saa mbili na dakika tano, ugomvi haujaanza. Nikaisogeza Mirihi karibu kabisa, dakika tatu. Bado binti atafyonza, angoje dakika sita kukaripiwa. Hasira gani hiyo ya kupanga foleni?

Mama alirudi saa saba. Baadaye stima ikapotea, sijui saa ngapi, kompyuta ina chaji asilimia 14. Nikafuta kurasa sita. Nikaendelea kwa kalamu nyuma ya bili ya maji, tochi ya simu mdomoni, mbu miguuni.

Mswada umeondoka saa sita na robo usiku. Simu imekuwa barua za sauti zinazopishana njiani, na ya bibi inaanza na "Marahaba, mjukuu wangu," shikamoo yenyewe ikiwa haijamfikia.