Sita, tisa na masikio yangu

Yule mama alisema kilo tisa. Nikampimia sita, nikafunga mfuko, nikataja bei. Akautazama mfuko, akanitazama mimi. "Baba, nimesema tisa, si sita!" Nilichosikia mimi ni: nimesema sita, si sita. Nikamjibu kwa ukali kwamba ndizo hizo hizo sita. Watu kwenye foleni wakaangua kicheko, naye akaondoka amekasirika, akijua namfanyia mzaha au namwibia.

Nilikuwa nimefikisha miaka 22 kwenye mashine ya kusaga na kukoboa hapa Tanga. Dalili zilikuwepo siku nyingi, ila nilikuwa na jibu la kila moja. Redio imeharibika. Watoto wa siku hizi wanamumunya maneno. Mke wangu akisema "shemeji amefika", mimi nauliza amepika nini. Tukawa tunacheka.

Kilichonipeleka hospitali hasa ni baraza. Tumekaa baada ya Alasiri, mzee mwenzetu anasimulia jambo, nami nimeshazoea kucheka wenzangu wakicheka na kutikisa kichwa wakitikisa. Nikaona amemaliza, nikatabasamu, nikasema "Mashallah!" Kumbe alikuwa anaeleza kwamba mama yake amelazwa na hali yake si nzuri. Hakuna aliyenisema. Wangenisema ingekuwa afadhali.

Daktari wa masikio alinimulika ndani, akatoa nta, nikafurahi nikidhani mambo yameisha. Akaniuliza nasafishia nini. Njiti ya kiberiti, nikasema, na nikipata unyoya wa kuku ndiyo raha zaidi. Akaniambia nta hutoka yenyewe kidogo kidogo, mimi ndiye niliyekuwa naishindilia ndani. Kisha nikaingizwa kwenye kichumba kisichopitisha sauti, nikavaa hedifoni, nibonyeze kitufe kila nikisikia mlio. Humo ndani ndipo nilipogundua kwamba kichwani mwangu mna nyenje anayelia mfululizo, tena hakuanza siku ile.

Mchoro uliotoka ninao mpaka leo. Mstari unaanza kushoto, upande wa sauti nzito, umetulia vizuri. Ukikaribia hezi 4000 (hezi ni kipimo cha wembamba wa sauti) unaporomoka kama mtu aliyekosa ngazi. Daktari akanieleza: irabu ni nzito na zina nguvu, hizo unazipata. S, t, f, sh na k ni sauti nyembamba, na hizo ndizo zilizokwenda. Hapo nikaelewa kwa nini nasikia lakini sielewi. Ukiondoa s na t, sita na tisa ni neno moja. Vijiseli vya sikio la ndani vinavyopokea sauti vikishakufa kwa kelele havioti tena, kwa hiyo dawa ya kurudisha hakuna, na matone ya mitaani nisijisumbue nayo.

Akanipa na hesabu. Kama huwezi kuzungumza na mtu aliye umbali wa mkono bila kupaza sauti, hapo kelele imefika kama desibeli 85, yaani kipimo cha ukubwa wa sauti, na kiasi hicho mtu asikae nacho zaidi ya saa 8 kwa siku. Zikiongezeka 3, muda unapungua nusu. Zikifika 94, ni saa 1 tu. Mimi kwenye mashine siku zote tuliongea kwa ishara, kuanzia asubuhi mpaka magharibi.

Sasa makosa yangu. Kwanza nilinunua kifaa cha kusaidia kusikia, cha bei rahisi, kwa mchuuzi. Kilipaza kila kitu sawasawa: nzito, nyembamba, pikipiki na sufuria. Kikapiga filimbi msikitini watu wamo kwenye swala. Nikakitupa droo, nikakaa miezi nikisema vifaa hivi ni utapeli. Kile cha pili nilipimiwa, kikawekwa kwa kompyuta kufuata mchoro wangu, kiongeze palipoporomoka tu. Siku ya kwanza nilisikia mafuta yakichachatika mke wangu akipika vitumbua. Nikasimama mlangoni nikamwuliza, yalikuwa yanalia hivi siku zote? Lakini pia nilisikia mfuko wa rambo kama risasi, na ndala zangu mwenyewe zikanichosha. Wiki za mwanzo nilivaa saa chache, nikaongeza taratibu, mpaka ubongo ukazoea.

Matunzo yake ni madogo ila hayataki uvivu. Betri ina kikaratasi cha rangi. Ukikibandua hewa inaingia na betri inaanza kufanya kazi, kwa hiyo usibandue mapema, na ukishabandua subiri dakika moja ndipo uitie. Jasho la Tanga ni adui. Usiku nakilaza kwenye kopo lenye kifuniko pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja ndani ya boksi la viatu, mlango wa betri ukiwa wazi.

Kifaa peke yake hakikutosha. Nyumbani nimewaomba wasiniite kutoka chumba kingine, na wasipige kelele, maana ukipiga kelele unakuza irabu tu na uso unauharibu nishindwe kusoma midomo. Waje mbele, kwenye mwanga, waseme polepole. Nisipoelewa, waseme kwa maneno mengine, wasirudie lile lile mara tano. Barazani nakaa nimeegemea ukuta ili sauti zote zitoke mbele. Na nimeacha kucheka bila kujua nacheka nini. Nasema, "Samahani, hilo limenipita." Mara za kwanza ulimi ulikuwa mzito kweli.

Mashine ninayo bado, ila anayesimama nayo ni kijana, na havuki kizingiti bila vizibo vya sponji masikioni na kifuniko juu yake. Alilalamika kwamba vinawasha. Nikamwonyesha mchoro wangu.

Wateja wananionyesha vidole au wanaandika kwa chaki kwenye ubao wa mizani. Yule mama alirudi baada ya muda, nikamwomba radhi, nikamweleza. Siku hizi akifika haonyeshi vidole wala hagusi chaki. Anasimama mbele yangu, anasema, "Baba, nipimie kumi kasoro moja."